Harufu Tuliyoinyamazia

Sisi tunaowaandikieni ni mke na mume, wenyeji wa Kigoma. Jambo hili kwa miaka mingi tumelizungumza sisi wawili tu, usiku, watoto wakiwa wamelala. Sasa watoto hao ni watu wazima, nao wana majiko yao. Tumeona afadhali tuliseme.

Mwaka 1998 Baba Upendo alipata nafasi ya masomo katika mji wa Glasgow, Uskochi, nasi sote tukaenda naye. Nyumba za Glasgow zilikuwa ghali, kwa hiyo tulipanga Hamilton, mji mdogo ulio kusini mashariki, tukawa tunasafiri kwa basi. Jirani na Hamilton kuna Blantyre, mahali alipozaliwa Dk. Livingstone mwaka 1813. Sisi tuliokulia Ujiji, tukionyeshwa tangu utoto mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, tulicheka sana kujikuta tumefika kwao bila kupanga. Tuliwaandikia wazazi kwamba sasa deni limelipwa: alikuja kwetu, nasi tumekwenda kwao.

Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili, ghorofa ya kwanza. Kilichotufurahisha kuliko vyote ni jiko. Kina mama mnaojua adha ya kuni mbichi, moshi wa mkaa na jiko la mafuta ya taa linalotoa masizi, mtaelewa. Gesi ilikuja yenyewe kwa bomba kutoka chini ya barabara. Hakuna mtungi, hakuna kubeba. Unazungusha kitufe, moto wa buluu huo! Hatukujiuliza bomba lile limetoka wapi, lina umri gani, wala ni nani mwenye kulitunza.

Mwanzoni mwa Desemba 1999 mpira wa Upendo uliviringika ukaingia nyuma ya jiko. Alikuwa na miaka mitano, akalia kweli kweli. Baba yake akalivuta jiko mbele, akautoa, akalirudisha. Siku ya pili yake kukawa na harufu, kama kabeji iliyooza. Tukasema ni jirani wa chini anapika. Siku ya tatu tukasema ni takataka. Siku ya nne hatukusema kitu, maana kila mmoja wetu alikwisha kujua moyoni ni nini, na kila mmoja alimwogopa mwenye nyumba. Atasema tumeharibu jiko lake. Atakata fedha zetu za dhamana. Pengine atatufukuza wakati huu wa baridi, na mtoto mdogo, na sisi wageni. Basi tukawa tunafungua dirisha tunapopika, tunatetemeka, tunafunga. Tuliishi hivyo zaidi ya wiki mbili.

Hilo ndilo tunalolionea haya mpaka leo. Wala hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumesoma.

Asubuhi ya tarehe 22 Desemba redio ikatangaza kwamba huko Larkhall, maili chache tu kutoka kwetu, nyumba imelipuka kabla ya mapambazuko. Familia nzima ilikuwa imelala: baba, mama na watoto wao wawili. Wote wanne walikufa. Nyumba haikubaki. Picha za magazeti zilionyesha kifusi tu, na nyuma yake nyumba za majirani zimesimama kama kawaida, madirisha yamepambwa kwa Krismasi.

Tulikaa mezani bila kusema neno. Kisha mmoja wetu akasema yale maneno tunayoyasema siku zote kwetu panapotokea msiba: ni mapenzi ya Mungu.

Bibi mmoja mzee, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa ameingia kuleta keki. Alikuwa mjane wa mchimba makaa, mwanamke mkali kidogo lakini mwema, aliyempenda Upendo kama mjukuu. Aliposikia maneno yale aliweka sahani chini kwa kishindo. Akatuambia, "Msimsingizie Mungu. Mungu hakulilaza bomba lile."

Halafu akatusimulia habari za Blantyre ambazo sisi, kwa kumjua Livingstone peke yake, hatukuwahi kuzisikia. Tarehe 22 Oktoba 1877 machimbo ya makaa ya kampuni ya Dixon yalilipuka huko High Blantyre, watu 207 wakafa, wanaume na vijana wadogo. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya machimbo ya Uskochi. Kilicholipuka ni gesi inayotoka kwenye makaa, methani, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyo kwa wingi katika gesi asilia ya jikoni. Na nyumba walizokaa wachimbaji zilikuwa mali ya kampuni. Basi miezi michache baada ya maziko, kampuni iliwapeleka mahakamani wajane 34 ili watoke, kwa kuwa waume zao hawakuwa tena wafanyakazi. Wakatolewa.

"Wachungaji wa siku zile nao walisema ni mapenzi ya Mungu," alisema Bibi. "Kampuni ilifurahi sana kusikia hivyo."

Hatukuwa na jibu. Lakini neno lile lilitupasua kitu ndani, na Mama Upendo akaanza kulia, akamwambia Bibi habari ya harufu. Bibi hakutugombeza. Alinusa mara moja, akamchukua Upendo mkononi, akatuambia tutoke vile vile tulivyo, tusiguse swichi ya taa wala kitu chochote cha umeme, kwa maana cheche ndogo ya swichi yatosha. Akapiga simu kutoka kwake. Namba ya dharura ilikuwa ya bure, mchana na usiku. Zaidi ya wiki mbili tulikuwa tumeogopa gharama ya simu ya bure!

Fundi alifika kabla ya saa kwisha. Akafunga gesi, akavuta jiko, akapaka maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha jiko na bomba. Povu likachemka kama uji. Alitueleza kwa subira kwamba methani ikichanganyika na hewa kati ya sehemu 5 na 15 katika kila 100 hulipuka ikipata cheche, na kwamba gesi yenyewe haina harufu hata kidogo. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi. Baadaye tulisoma chanzo cha sheria hizo za kutia harufu: tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi isiyo na harufu, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Kwa hiyo harufu ile tuliyokuwa tukiifungulia dirisha ilinunuliwa kwa watoto wa wenzetu.

Baba Upendo akaungama kwa fundi kwamba ni yeye aliyelivuta jiko. Fundi akauinua ule mpira, akaupinda, ukaonyesha nyufa kila mahali. Akasema mpira mzima haukatiki kwa kuvutwa mara moja, jiko huvutwa kila siku na watu wanaofagia. Kisha akauliza, cheti cha ukaguzi wa mwaka huu kiko wapi? Cheti gani? Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kwa sheria ya Uingereza kila mwenye nyumba ya kupangisha lazima vyombo vyake vya gesi vikaguliwe na fundi aliyesajiliwa kila mwaka, na mpangaji apewe karatasi. Sisi tulikuwa pale mwaka mzima na miezi, hatujaona karatasi wala mkaguzi.

Mwenye nyumba alikuja baada ya sikukuu. Hakusema pole. Alisema, "Ni ninyi mliolisogeza." Fundi alikuwa ameacha maandishi yake, tukamwonyesha. Akayasoma, akaweka mpira mpya, akaondoka. Hatukumshitaki. Tulikuwa wageni, viza ilikuwa ya masomo, na tena watoto wetu walikuwa hai. Ukiwa na watoto hai unasahau haraka kwamba ulikosewa.

Siku chache baada ya msiba tulipanda basi na kina mama wa kanisa letu la Hamilton tukaenda Larkhall kuweka maua. Barabara ilikuwa imefungwa upande mmoja. Kulikuwa na wanasesere na barua za watoto wa shule, zimelowa mvua. Mama mmoja aliyesimama karibu nasi alirudia neno moja tu: walikuwa wamelala, walikuwa wamelala. Sisi tulitazamana. Familia ile haikufanya kosa lolote. Haikuvuta jiko. Sisi tulioipuuza harufu tulikuwa tumesimama pale na mwavuli.

Kuanzia hapo tuliifuatilia kesi ile kama watu wanavyofuatilia habari za ndugu, hata baada ya kurudi nyumbani. Rafiki mmoja wa Glasgow alikuwa akitutumia vipande vya magazeti.

Kwanza tueleze, kwa kadiri tulivyoelewa sisi tusio wanasheria, kwa nini kampuni yaweza kuulizwa juu ya vifo ambavyo haikuvikusudia. Jambo hili lina asili yake huko huko Uskochi, tena lilianzishwa na mwanamke maskini. Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928, Bi. May Donoghue alikuwa katika mkahawa mmoja mjini Paisley, karibu na Glasgow. Rafiki yake akamnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alipokwisha kunywa kidogo, rafiki akamimina iliyobaki, akatoka konokono aliyeoza. Bi. Donoghue aliugua. Lakini amshitaki nani? Hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mapatano na yeyote. Mtengenezaji, bwana Stevenson, alisema simjui mwanamke huyu.

Kesi ilipanda hadi baraza la juu kabisa huko London, naye Bi. Donoghue aliendeshewa kama fukara, kwa kuwa hakuwa na fedha. Mwaka 1932 majaji watatu kwa wawili wakamkubalia. Jaji Atkin alilitumia swali lile ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu, na ambalo alijibiwa kwa mfano wa Msamaria: jirani yangu ni nani? Kwa maneno yetu, alisema kwamba kisheria jirani yako ni yule ambaye, ukifikiri vizuri, ungeona ataumizwa na unalolitenda au unaloacha kulitenda, na huyo unawajibika kumfanyia uangalifu hata kama hujamwona kwa macho. Mahakama zetu za Afrika Mashariki nazo huitumia kanuni hiyo hiyo mpaka sasa. Tulipoisoma tulistaajabu. Hadithi tunayowafundisha watoto Jumapili, ndiyo hiyo iliyowafunga wenye viwanda.

Sasa basi kampuni inayopitisha gesi chini ya vitanda vya watu, si jirani wa kila mtu mtaani? Mwenye nyumba hawezi kulichimbua bomba la barabara alikague. Hana ramani, hana vipimo, wala haruhusiwi. Kampuni peke yake ndiyo yenye kujua, na kama haijui, imepaswa kujua.

Na hapo ndipo Larkhall ilipotuumiza moyo. Bomba lililopita karibu na nyumba ile lilikuwa la chuma, nalo lilikuwa limeliwa na kutu likatoboka. Gesi ilipenya udongoni ikajikusanya chini ya sakafu ya nyumba. Kampuni yenye mabomba, Transco, ilikuwa na kumbukumbu zenye makosa: kwenye vitabu vyake bomba lile liliandikwa kuwa la plastiki. Plastiki haishiki kutu. Ni nani atakwenda kutafuta kutu kwenye plastiki? Kina mama, tunajua hali ya kabati ambalo ndani yake chumvi imetiwa kwenye kopo la sukari. Ila hapa waliokuwa wakila ni watu wanne.

Waendesha mashtaka wa Uskochi walitaka kwanza kuishitaki kampuni kwa kosa la kuua bila kukusudia. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni kushitakiwa hivyo huko. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ikalifuta shtaka hilo. Sababu yake ilitukasirisha tulipoisikia, ingawa baadaye tuliielewa. Kwa sheria ya wakati ule, ili kampuni ionekane imeua, ni lazima awepo mtu au kikundi cha watu walio akili ya kampuni, ambao wenyewe walijua hatari na kuidharau. Lakini katika kampuni kubwa huyu anajua habari ya kutu, yule anajua habari ya vitabu, kamati hii imevunjwa, ile imeundwa, na mwaka umepita. Huwezi kuokota ujuzi mdogo mdogo wa kila mmoja ukaushona uwe moyo mmoja wenye hatia. Kwa hiyo kadiri kampuni inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kuipata. Duka la mtu mmoja lingepatikana mara moja.

Ikabaki sheria ya usalama kazini ya mwaka 1974, inayomtaka mwenye kampuni asiwahatarishe hata watu wasio wafanyakazi wake. Kesi ilisikilizwa Edinburgh mwaka 2005 kwa muda wa miezi sita hivi, mbele ya wananchi wa kawaida walioitwa kuamua. Tarehe 25 Agosti 2005 Transco ilipatikana na hatia, ikatozwa pauni milioni 15. Mpaka siku hiyo hapakuwa na faini kubwa kama hiyo Uingereza nzima kwa kosa la usalama. Jaji aliilaumu kampuni kwamba katika namna yake ya kujitetea haikuonyesha kuwa imekubali wajibu wake, wala majuto.

Rafiki yetu alipotuandikia hayo tulikuwa Kigoma, tumeketi barazani. Milioni kumi na tano! Baba Upendo akafurahi. Mama Upendo akauliza, zimekwenda kwa nani? Faini huingia hazina ya serikali. Fidia kwa ndugu wa marehemu ni kesi nyingine. Na wakurugenzi je? Hakuna aliyekwenda gerezani, kwa kuwa aliyeshitakiwa ni kampuni, na kampuni haina mwili wa kufungwa. Tuligombana kidogo jioni ile. Baba aliona haki imetendeka, Mama aliona imetendeka nusu. Bado hatujapatana.

Tukubali hata hivyo kwamba yako mengine yaliyobadilika. Kuanzia mwaka 2002 Uingereza ilianza kazi ya miaka 30 ya kuondoa mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nyumba za watu. Na mwaka 2007 ilipitishwa sheria mpya, ikaanza kutumika Aprili 2008, inayowezesha kampuni kupatikana na hatia ya kuua ikiwa namna yenyewe ilivyosimamiwa na wakubwa wake ilikuwa mbovu kupita kiasi, bila kulazimika kumtafuta mtu mmoja mwenye akili yote. Kesi ya Larkhall ilikuwa mojawapo ya zilizoonyesha lile pengo.

Bibi hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 2001, miezi michache baada ya sisi kuondoka. Tulikuwa tumemwahidi picha ya Upendo akiwa Ujiji pale penye mnara wa Livingstone. Tulichelewa kuituma.

Huku kwetu gesi imeingia majumbani. Wengi tunatumia mitungi, na tangu gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, baadhi ya nyumba za huko na za Mtwara zimeunganishwa kwa bomba. Mtungi una tabia yake: gesi yake ni nzito kuliko hewa, haipandi, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, mahali watoto wanapochezea. Tena usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, tuliona moto uliowaka kutoka kituo cha kujazia gesi kilichokuwa katikati ya makazi ya watu. Mamlaka husika ilisema ilikuwa imeyakataa maombi ya kibali cha mahali pale mara tatu katika mwaka 2023. Yaani karatasi ya kukataa ilikuwepo, na gesi ilikuwepo, na watu walikuwa wamelala. Tulizima televisheni.

Upendo sasa ni mama wa watoto wawili, anakaa Mwanza. Mwaka jana tulikwenda kumtembelea. Tulipoingia jikoni, Baba yake hakuuliza habari za safari wala chai, alipiga magoti akaanza kuutazama mpira wa mtungi. Upendo akasema, "Baba, mbona mnanitia aibu mbele ya mkwe wenu?" Mkwe akacheka. Ndipo tukamwambia kwa mara ya kwanza habari ya mpira wake wa kuchezea, wa Hamilton, na zile wiki mbili na zaidi. Hakuwa akikumbuka chochote isipokuwa keki ya Bibi.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa nini hatukumshitaki yule mwenye nyumba. Tukasema, tuliogopa. Akauliza tena, "Na baada ya sisi kuondoka, aliwapangisha kina nani?"

Hatukuwahi kulifikiri hilo, hata siku moja. Mkwe akaenda kuchota maji, akatia sabuni, akarudi na bakuli, wakainama wote wawili juu ya mtungi.